Mwangaza usioandikwa unazimika



Katika nambari hii ya gazeti letu tunataka kuwaeleza kidogo habari ya kemia ya mwangaza, ile ambayo wenye elimu wanaita luminesensi, na namna gani habari zake zinatoka kwa mtu mmoja kufikia ulimwengu mzima. Lakini mbele ya kuanza, tunapashwa kuungama jambo moja lililotokea katika laboratwari yetu. Bila jambo lile tusingeandika kurasa hizi.

Muhula uliopita sisi wa darasa la sita Biokemia tulifanya jaribio la kinini. Tunasema kinini ya kweli, ile ya malaria, si kila kidonge, maana kwetu hata dawa ya kichwa watu wanaiita kinini. Mwalimu alitugawa makundi mawili. Kila kundi lilisaga kidonge, likakitia ndani ya maji, likaongeza matone ya asidi, kisha tukapeleka vilauri nje kwa jua na kusimamisha karatasi nyeusi nyuma yake. Kundi la kwanza wakaanza kupiga kelele: maji yao, ambayo ndani ya nyumba hayakuwa na rangi hata kidogo, yalitoa buluu nzuri upande ule jua linapoingilia. Kundi la pili wakatazama, wakageuza kilauri, wakatazama tena. Kwao hakuna kitu.

Kiongozi wa kundi la pili aliandika katika kaye yake: "Sisi hatukuona buluu." Wenzake wakamcheka. Akaja kwetu sisi tunaoandika hapa, akauliza: "Kapita, tufanye namna gani? Kwetu haikungaa." Tukamjibu: "Ah, weye! Ondoa ule ukurasa, kopia ya kundi la kwanza. Utapoteza pointi bure." Akapasua ukurasa, akakopia, na wote tukapata pointi nzuri.

Kisha majuma mawili, wakati wa kupanga chupa, mwalimu akaona kwamba kundi la pili walichukua asidi kloridriki pahali pa asidi sulfuriki. Kumbe kloridi njo inazima mwangaza wa kinini! Lile kundi lililochekwa liliona jambo kubwa kuliko kundi lililopiga kelele. Mwalimu akauliza: "Nani aliandika alichoona? Matone mangapi? Saa ngapi?" Tukanyamaza. Ukurasa ulikuwa umekwisha kutupwa, na ni sisi tuliosema utupwe.

1. LUMINESENSI NI KITU GANI?

Kuko mwangaza wa namna mbili. Moto, makala yenye kuwaka na taa ya zamani yenye uzi wa chuma vinatoa mwangaza kwa sababu vina joto kali. Lakini kimulimuli anayeruka usiku karibu na mto hana joto. Ukimshika haunguzi mkono. Mwangaza wa baridi namna hiyo unaitwa luminesensi. Neno hili lilitungwa mwaka 1888 na Eilhard Wiedemann, mwenye elimu wa Ujeremani.

Sababu yake ni hii. Ndani ya molekuli kuko elektroni. Elektroni ikipokea nguvu inapanda juu, sawa mtu anayepanda mlima na mzigo wa maji. Haiwezi kukaa juu siku zote. Inaposhuka, inarudisha nguvu ile, na mara zingine inairudisha kwa namna ya mwangaza. Lakini njiani maji kidogo yanamwagika, njo maana mwangaza unaotoka kwa kawaida una nguvu ndogo kuliko ule ulioingia. Kinini inakula mionzi ya ultravioleti ya jua, ambayo macho yetu hayaioni, na inarudisha buluu, ambayo tunaiona.

Mwangaza ukitoka mara moja tunasema fluoresensi. Kwa kinini, ukigawa sekunde moja katika sehemu milioni mia, sehemu mbili tu zinatosha. Ukikawia na kuendelea hata wakati taa imezimwa, tunasema fosforesensi. Na nguvu ikitoka kwa kemia yenyewe, kama kwa kimulimuli anayeunganisha kitu kiitwacho lusiferini na oksijeni, ni kemiluminesensi.

2. MAKALA YA WENYE ELIMU (SI YA KUPIKIA)

Wengi wetu tukisikia neno makala tunafikiri jiko na ugali. Lakini katika Kiswahili cha vitabu, makala ni maandishi yanayotoka katika gazeti. Mtu wa sayansi akiona jambo, anaandika makala na kuyatuma kwa gazeti la sayansi. Pale, wenzake wanaojua kazi ile wanayasoma kwa ukali: Ulipima namna gani? Ulirudilia mara ngapi? Wakikubali, yanapigwa chapa, na mtu wa inchi nyingine anaweza kurudilia jaribio na kuona kama ni kweli.

Kinini yenyewe iliingia katika sayansi kwa njia hiyo. Mwaka 1845 John Herschel, Mwingereza, aliandika kwamba maji yenye kinini yanatoa buluu kwa jua, lakini hakujua sababu. Mwaka 1852 mwenye elimu mwingine, George Gabriel Stokes, akachukua jambo lile lile, akaeleza kwamba mwangaza unaoingia si ule unaotoka, na kisha akatunga neno fluoresensi. Stokes hakuanza kwa sifuri. Alianza pale Herschel alipoacha kalamu. Na mpaka leo kinini ndani ya asidi sulfuriki ni kipimo ambacho laboratwari nyingi zinatumia kulinganisha mwangaza wa molekuli zingine.

Habari hii haiko mbali nasi. Miti ya kinkina imepandwa katika milima ya Kivu, na huko Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kinini kutoka maganda yake kwa miaka mingi. Kitu ambacho Stokes alikitazama Cambridge, sisi tunakipata kwenye mlima wetu.

3. MANENO MADOGO CHINI YA UKURASA

Wakati wa joto wa mwaka 1961, Osamu Shimomura, Mjapani aliyetumika Marekani, alikuwa Friday Harbor, kando ya bahari, anakamata meduza. Huyu ni mnyama wa bahari mwenye mwili laini kama uji ulioganda, na kando ya mwili wake unangaa usiku. Shimomura na wenzake walikamata karibu 10 000. Alishindwa mara nyingi kutoa ile dawa ya mwangaza. Siku moja akamwaga maji ya jaribio ndani ya beseni, na mara beseni likawaka buluu! Maji ya bahari yalikuwa mle, na kalsiumu yake iliamsha mwangaza.

Makala yake yalitoka mwaka 1962. Yalieleza sana ile protini ya buluu. Lakini Shimomura alikuwa ameona pia protini nyingine, yenye kutoa rangi ya kijani, akaitaja kwa maneno madogo chini ya ukurasa. Wakati ule haikuonekana na faida. Angeweza kuiacha. Hakuiacha.

Kisha miaka 30, mwaka 1992, Douglas Prasher wa Marekani alitoa makala yenye kueleza jeni ya protini ile ya kijani. Feza za utafiti wake zikaisha. Mbele ya kuondoka aliwapa wenzake jeni ile bila kuwauzia. Mmoja wao, Martin Chalfie, aliitia ndani ya mnyoo mdogo, na mwaka 1994 akaonyesha kwamba chembe za mwili zinaweza kungaa kijani zenyewe. Mwingine, Roger Tsien, akatengeneza rangi zingine. Tangu hapo waganga na wabiolojia wanaweza kufuata ginsi chembe ya kansa inavyotembea, au ginsi mshipa wa akili unavyokua.

Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien walipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Sheria ya tuzo ile haikubali watu kupita watatu. Prasher wakati ule alikuwa anaendesha gari la kubeba wateja kwa duka la magari huko Alabama. Chalfie na Tsien walilipa safari yake na ya mke wake mpaka Stockholm. Hapa tunaona mambo mawili. Sifa haigawanywi siku zote sawasawa na kazi. Lakini kwa sababu Prasher aliandika, kazi yake haikupotea, na wenzake hawakuweza kumsahau.

4. WAWILI WASIOJUANA

Mwaka 1981 Alexei Ekimov, wa Leningrad katika Urusi ya Sovieti, alitoa makala katika Kirusi. Alieleza kwamba punje ndogo sana za kloridi ya shaba ndani ya kioo zinabadilisha rangi ya mwangaza zinaoukula, sawasawa na ukubwa wa punje. Dawa ni ile ile, ukubwa tu ndio umebadilika, na rangi inabadilika. Mwaka 1983 Louis Brus, katika laboratwari za Bell kule Marekani, aliona jambo la namna hiyo kwa punje za sulfidi ya kadmiumu ndani ya maji. Brus hakujua habari ya Ekimov. Wakati ule kulikuwa ukuta wa siasa kati ya inchi zao, na magazeti ya Kisovieti hayakufika kwa urahisi upande wa pili.

Basi watu wawili walichimba kisima kimoja bila kusikia jembe la mwenzake. Kisha Moungi Bawendi, ambaye mwanzoni alitumika pamoja na Brus, alipata mwaka 1993 njia nzuri ya kutengeneza punje hizo zenye ukubwa mmoja. Leo zinatumika katika televizio na katika kazi za waganga. Mwaka 2023 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Ninyi wa darasa la tatu mnaolia juu ya kemia, sikieni: Bawendi mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba katika egzamini yake ya kwanza ya kemia ya universite alipata 20 kwa 100, pointi za chini kabisa katika darasa.

5. MWANAFUNZI ALIYESEMA "HAIONEKANI"

Habari hii ndiyo ilituchoma roho zaidi. Tangu zamani, na hasa tangu kazi ya Theodor Förster na mwenzake mwaka 1954, wakemia walijua kwamba molekuli nyingi zenye kungaa zikisongamana zinazimana. Wote walikubali hivyo. Mwaka 2001, katika universite moja ya Hong Kong, mwanafunzi wa mwalimu Ben Zhong Tang alikuwa anatazama matone ya dawa mpya chini ya taa ya ultravioleti. Yakiwa mabichi, hayaonekani. Yakikauka, yanangaa! Hii ni kinyume kabisa cha vitabu.

Mwanafunzi yule hakukopia ya kitabu. Alisema alichoona, na mwalimu wake hakumwambia kwamba amekosea. Wakatafuta sababu. Molekuli zile zina mikono inayozunguka. Ndani ya maji ya dawa zinacheza kama wanafunzi saa ya mapumziko, na nguvu yote inaishia katika mchezo. Zikikauka zinasongamana kama watu ndani ya kamio siku ya soko: hakuna anayeweza kuzungusha mkono, basi nguvu inatoka kwa mwangaza. Makala yao yalikuwa mafupi sana. Lakini kisha yake maelfu ya makala mengine yameandikwa juu ya jambo lile, kwanza China, kisha inchi nyingi.

6. LEO MAMBO YANAENDA NAMNA GANI?

Ukitazama habari hizi zote utaona mwendo mmoja. Mtu mmoja anaandika makala madogo. Miaka inapita, wachache tu wanayataja. Kisha mtu mwingine anaona faida, na hapo watu wanakimbilia kama nzige kwenye shamba. Kwa taa na vioo vya telefone ilikuwa vile vile. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven VanSlyke, wa kampuni ya Kodak, walionyesha taa nyembamba iliyotengenezwa kwa dawa za kaboni. Karibu na mwaka 1998 wengine wakatia platini na iridiumu kusudi ingae zaidi. Iridiumu ni chuma cha bei kali, basi mwaka 2012 Chihaya Adachi, wa Japani, akaonyesha njia isiyotaka chuma kizito. Wengine wanajaribu shaba. Shaba, ndugu, kama ile inayochimbwa Kolwezi na Likasi! Inatoka kwetu kwa magunia. Makala juu ya mwangaza wake yanaandikwa fasi zingine.

Tena kuko mambo ya lugha. Wiedemann aliandika Kijeremani, Ekimov Kirusi. Leo karibu makala yote makubwa ya kemia yanatoka katika Kiingereza, hata yale ya China, ambayo siku hizi inatoa makala ya sayansi mengi kuliko inchi nyingine yoyote. Ninyi mnaosinzia katika somo la Kiingereza, mfikiri hapo.

Kuko na ubaya pia. Magazeti mengi sasa yanakubali kila mtu asome bure, na hilo ni jema kwetu. Lakini mengi yanamtaka mwandishi alipe, na bei inaweza kupita dola elfu moja. Mwalimu wa universite yetu atazitoa wapi? Na kwa kuwa mahali pengi kazi na cheo vinapewa kwa kuhesabu makala, wengine wanaandika bongo. Mwaka 2023 peke yake makala zaidi ya 10 000 yaliondolewa na magazeti katika ulimwengu mzima, mengi yao kwa sababu ya udanganyifu. Watu wale walifanya nini? Walifanya sawa vile sisi tulivyomfundisha ndugu yetu wa kundi la pili: kuandika kile kinacholeta pointi, si kile macho yaliona.

7. TUFANYE NINI SISI?

Hatuna mashini ya kupima mwangaza. Kuko siku ambazo hata moto wa umeme hatuna. Lakini jua tunalo, kinini tunayo, na kalamu haikosi. Tulizungumza na mwalimu wa kemia, na amekubali yafuatayo:

a) Kutakuwa kaye moja kubwa juu ya meza ya laboratwari, kwa madarasa yote. Kila kundi litaandika tarehe, majina, dawa iliyotumika na chupa ilipotoka, kiasi, na kile kilichoonekana.

b) Hakuna mtu atakayepasua ukurasa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, lile la kwanza liendelee kusomeka.

c) "Hatukuona kitu" ni jibu. Mwalimu ameahidi mbele yetu kwamba hataondoa pointi kwa mtu anayeandika hivyo, mradi aeleze alifanya namna gani.

d) Anayechukua jambo kwa kundi lingine ataje jina la kundi lile. Kukopia bila kutaja ni wizi, hata kama ni ya rafiki.

Juma lililopita tulirudilia jaribio. Safari hii makundi yote yalitumia asidi sulfuriki, na vilauri vyote vikangaa. Kisha ndugu yetu wa kundi la pili akatia chumvi ya kupikia, kidogo kidogo, ndani ya kilauri chake, sababu chumvi nayo ina kloridi. Buluu ikaanza kufifia mbele ya macho ya wote, na hakuna aliyecheka. Yeye njo aliandika ukurasa wa kwanza wa kaye: vijiko vingapi, maji kiasi gani, saa ngapi, jua likiwa na mawingu ao hapana.

Tulimwomba musamaha mbele ya darasa, na tunamwomba tena hapa. Yeye alijibu tu: "Kapita, siku ingine uniache niandike." Ni kweli. Ule ukurasa wa kwanza hautarudi, na hatutajua aliandika nini kingine juu yake. Lakini kaye iko juu ya meza sasa, na kalamu imefungwa kwa kamba. Madarasa ya nne na ya tano, muhula ujao ni zamu yenu. Mlete na vimulimuli kama mnaweza kuwakamata.



Kapita wa wanafunzi, darasa la sita Biokemia